Kiwiko cha mtoto kikivunjika, siku zinapotelea wapi?

Maembe yakianza kuiva, sisi tunaofanya kazi na watoto wodini huwa hatuhitaji kalenda. Wanaingia mmoja baada ya mwingine, mkono mmoja umeshikiliwa na wa pili, machozi yamekaukia mashavuni, kiwiko kimevimba. Mmoja ameanguka mwembeni, mwingine kwenye baiskeli ya kaka yake, mwingine ameteleza tu juu ya dawati. Wote walinyoosha mkono kujikinga, na uzito wa mwili mzima ukaishia kwenye kiwiko.

Mzazi, sina nia ya kukwambia umzuie mtoto kupanda miti. Nataka tuangalie kinachotokea kati ya saa anapoanguka na saa anapolazwa kwenye meza ya upasuaji. Upasuaji wa kiwiko kilichovunjika, kwa watoto wengi, ni mfupi, na vifaa vinavyobaki mwilini ni waya mbili au tatu za chuma. Mkono unaoishia kukakamaa au kupinda, mara nyingi umeharibiwa na siku zilizopita kabla ya waya hizo kufika.

Tuseme ni mtoto wa miaka sita, wa Kakese. Naichukua Kakese kwa makusudi. Ni kata ya wakulima wa mpunga ndani ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Kwenye karatasi mtoto huyo ni wa manispaa, lakini maisha yake ni ya majaruba na mifugo. Yupo katika mkoa mpya, uliotengwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ambao hospitali ya kanda inayouhudumia ipo Mbeya. Ukiielewa safari ya mtoto huyu, utaelewa pia ya mtoto wa Uvinza, Chunya au Kilindi.

Kwanza mfupa wenyewe. Kuvunjika kwa kiwiko kunakoongoza kwa watoto hutokea kwenye mfupa wa mkono wa juu, karibu kabisa na kiwiko, mahali ambapo mfupa umekuwa bapa na mwembamba. Umri wake hasa ni miaka mitano hadi saba. Mbele ya mahali hapo unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha kiganja, na pembeni yake ipo mishipa ya fahamu inayoendesha vidole. Mfupa ukikatika na kusogea, ncha yake huchomoza kuelekea hukohuko. Ndiyo maana mtoto aliyevunjika kiwiko hatumtazami kama aliyevunjika kidole. Swali letu la kwanza ni kama kiganja kinapata damu. Mfupa tunaufikia baadaye.

Mwaka 1959 daktari wa Marekani aitwaye Gartland aliyagawa majeraha haya katika madaraja matatu, na mpaka leo ndiyo tunayoyatumia. La kwanza ni ufa. Mfupa haujasogea, mtoto hufungwa plasta ngumu, ile wengi wanaiita hogo, kwa wiki tatu hivi na hapasuliwi. La pili mfupa umepinda lakini upande wa nyuma bado umeshikana. Hapo daktari ataamua kwa kuangalia picha. La tatu vipande vimeachana kabisa, na huyo anahitaji chumba cha upasuaji.

Lipo pia jeraha la upande wa nje wa kiwiko ambalo linadanganya hata watu wa afya. Uvimbe ni mdogo, mtoto analalamika kidogo, na eksirei inaonyesha kipande chembamba tu, kwa sababu sehemu kubwa ya kiwiko cha mtoto bado ni gegedu, na gegedu halionekani kwenye eksirei. Kipande kikisogea zaidi ya milimita mbili, mara nyingi kinahitaji kurudishwa kwa upasuaji. Kikiachwa kinaweza kisiunge kabisa, kiwiko kikapinda kwenda nje, na miaka mingi baadaye kidole cha mwisho na jirani yake vikaanza kufa ganzi. Ukiambiwa "ni ufa mdogo tu" lakini uvimbe upo upande wa nje, omba mtoto apigwe picha tena baada ya siku tano hadi saba.

Usiku wa kwanza

Turudi Kakese. Mtoto ameanguka jioni. Bibi anasema apelekwe kwa mganga wa mifupa, mjomba anasema asubiriwe asubuhi, mama anatafuta khanga ya kumfungia mkono shingoni.

Kuhusu waganga wa mifupa nitasema kwa haki. Sifa zao zina sababu. Ufa wa daraja la kwanza unapona kwa utulivu na muda, na mtoto aliyepelekwa kwa mganga akiwa na ufa huo atarudi anacheza, na kijiji kizima kitasikia. Tatizo ni kwamba mganga hana namna ya kutofautisha daraja la kwanza na la tatu. Anachofanya kwa wote ni kilekile: anavuta, anachua kwa mafuta, kisha anafunga vijiti na kukaza.

Mkono uliovunjika unaendelea kuvimba kwa siku mbili tatu. Ukiukaza usiku wa kwanza, uvimbe unakosa pa kwenda, shinikizo linapanda ndani, damu inashindwa kuingia kwenye misuli. Misuli isiyopata damu huanza kufa ndani ya saa chache, na baada ya saa sita hadi nane uharibifu mwingi hauwezi kurudishwa nyuma. Inayokufa huwa makovu, makovu hujikunja, na vidole hujikunja pamoja nayo. Daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, alieleza hali hiyo mwaka 1881. Tunaiona mpaka leo: mtoto mwenye kiganja kama ukucha wa ndege, asiyeweza kushika kalamu wala jembe. Wengine huja mkono umeshakuwa mweusi, na hapo tunazungumzia kukata. Niongeze kwamba hogo la hospitali likizungushwa mkono mzima siku ya kwanza na kubanwa, linaweza kufanya madhara yaleyale. Ndiyo sababu siku za mwanzo tunapendelea plasta ya upande mmoja, iliyoshikiliwa kwa bandeji isiyobana.

Kwa hiyo usiku huo fanya hivi. Usivute mkono, usiunyooshe kwa nguvu, usiuchue. Uache ulivyo, umepinda kidogo tu, weka kipande cha boksi gumu au mto mdogo chini yake na ufunge kwa ulegevu. Ile khanga ya shingoni ina hatari yake: ukikikunja kiwiko kilichoachana mpaka mkono ulale kifuani, unaweza kuubana mshipa wa damu ulioponea chupuchupu kwenye ajali yenyewe. Kama mkono haukubali kukunjika, usiulazimishe.

Kisha angalia vidole. Linganisha na vya mkono mzima. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Mwambie mtoto afanye ngumi, kiganja, mkasi, halafu aunganishe kidole gumba na cha shahada kutengeneza duara. Michezo hiyo minne inapima mishipa yote mitatu mikubwa ya fahamu, na mtoto wa miaka sita ataifanya hata akilia. Waeleze watoa huduma alichoshindwa, kwa sababu kujua kwamba kidole kilikuwa hakifanyi kazi kabla ya upasuaji kunabadilisha maamuzi baada yake. Habari njema ni kwamba mishipa ya fahamu mingi inayojeruhiwa hivi inakuwa imevutwa tu, haijakatika, na hurudi yenyewe ndani ya miezi mitatu hadi sita.

Vidole vikiwa vyeupe na baridi, hakuna cha kusubiri asubuhi. Vilevile kama mtoto ameshafungwa na maumivu yanazidi badala ya kupungua, anahangaika, analia ukimnyoosha vidole: fungua bandeji au vijiti hapohapo, hata kama ni saa nane ya usiku, kisha mpeleke hospitali. Mfupa hautaharibika kwa kufunguliwa. Vidole vikiwa vya moto na vya rangi ya kawaida, safari ya alfajiri inatosha. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba mtoto wa namna hiyo kupasuliwa kesho yake hakumletei madhara zaidi. Nawaambia hivi ili msipande bodaboda gizani bila sababu. Ajali ya pili huwa kubwa kuliko ya kwanza.

Na jambo dogo ambalo huchelewesha watoto wengi: chakula. Mtoto aliyekula ugali au uji hapewi dawa ya usingizi mpaka zipite saa sita. Maji matupu yanaruhusiwa mpaka saa mbili kabla. Akishaumia, mpe maji kidogo na dawa ya maumivu aliyoizoea, chakula kisubiri mpaka aonwe. Kama safari itachukua siku nzima, usimlaze njaa. Uliza kwenye kituo mnachoanzia.

Mezani kwa daktari

Zahanati haina eksirei, na haikupangwa kuwa nayo. Kazi yake kwa mtoto huyu ni ya dakika ishirini: kupima mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, kumpa dawa ya maumivu, kuutegemeza mkono vizuri na kuandika rufaa yenye saa na alichokiona. Mkionana na mtoa huduma anayetaka "kumfunga kwanza halafu mrudi baada ya wiki", muulizeni kwa heshima kama picha imepigwa.

Hospitalini, kama ni daraja la tatu, mtoto hupewa dawa ya usingizi. Daktari huvuta mkono taratibu, hurudisha kipande mahali pake kwa vidole akitazama kwenye mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo, ile yenye umbo la herufi C. Kisha huchoma waya mbili au tatu kupitia ngozi mpaka kwenye mfupa ili kipande kisirudi kilikotoka. Hakuna kisu. Ncha za waya hubaki nje ya ngozi, zinakunjwa, zinafunikwa kwa plasta. Baada ya wiki tatu hadi nne zinavutwa kliniki, kwa kawaida bila dawa ya usingizi. Wazazi huogopa siku hiyo kuliko mtoto. Mashine ikiwa haipo, daktari anaweza kufungua kiwiko na kurudisha mfupa kwa macho, na mkono ukaunga vizuri, ingawa kovu linabaki na kukakamaa hutokea zaidi. Hospitali nyingine humlaza mtoto na kuuvuta mkono kwa uzito wiki mbili au tatu. Njia hiyo inafanya kazi, lakini piga hesabu ya mama aliyeacha shamba la mpunga msimu wa kupandikiza, na wadogo watatu nyumbani.

Mfupa wa mtoto unaunga haraka, na kwenye kiwiko haraka hiyo inatugeuka. Baada ya siku saba hadi kumi mfupa mpya umeanza kujijenga, na kurudisha kipande bila kufungua kunakuwa kugumu. Baada ya wiki tatu mfupa umeunga, vyovyote ulivyokaa. Na eneo hili la mkono linachangia kama asilimia 20 tu ya ukuaji wa mfupa wa mkono wa juu, kwa hiyo halina nguvu ya kujinyoosha lenyewe kadiri mtoto anavyokua. Kilichopinda kitabaki kimepinda. Mtoto wa Kakese aliyekaa siku tatu kwa mganga, mbili akitafutiwa nauli na nne akisubiri wodini amegeuka kutoka mgonjwa wa waya mbili kuwa mgonjwa wa kisu.

Miaka mitano na siku moja

Sasa fedha. Sera yetu ya afya inamsamehe mtoto wa chini ya miaka mitano gharama kwenye vituo vya umma. Ni sera nzuri, imeokoa wengi. Lakini kiwiko huvunjika zaidi kuanzia miaka mitano hadi saba, yaani mtoto anaanza kupanda mwembe wakati uleule msamaha unamwacha. Kwa mtoto wetu wa miaka sita picha, usingizi, upasuaji, kitanda na plasta vyote vina risiti.

Bima? CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018, kaya ya watu sita nje ya Dar es Salaam ilichangia Sh30,000 kwa mwaka, na kadi yake iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Yaani mtoto akitibiwa Mpanda kadi inamlinda. Akipewa rufaa kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iliyopo Dar es Salaam zaidi ya kilomita 1,000, inamwachia mlangoni. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Unapoandikisha kaya yako, usiishie kuuliza bei. Uliza kadi inaishia ngazi gani, kama inagharamia upasuaji wa mifupa kwa mtoto na usafiri wa rufaa. Maswali haya waulize kabla ya msimu wa maembe, siyo ukiwa umeshika mtoto dirishani.

Usafiri nao una mpaka wake. Mfumo wa m-mama, wa kupiga 115 bure, ni kati ya mambo bora yaliyofanyika kwenye afya nchini miaka hii, lakini ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mtoto wa miaka sita mwenye vidole vyeupe hayumo. Mimi naona sababu ya kuwabagua watoto wenye dharura ya damu na mifupa inazidi kupungua kadiri mfumo unavyokomaa. Magari ni yaleyale na madereva ni walewale.

Na vifaa. Mwaka 2021 nchi ilipokea mkopo wa Sh1.3 trilioni wa kukabiliana na UVIKO-19, na hospitali za mikoa zikapata majengo ya dharura na mashine za CT-scan. Sipingi CT-scan, imetusaidia kwa majeraha ya kichwa. Ila kwa kiwiko cha mtoto haina kazi kubwa. Kinachotakiwa ni ile mashine ya herufi C, boksi la waya nyembamba, drili inayofanya kazi, mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto, na mtu mmoja aliyefundishwa kuchoma waya bila kugusa mshipa wa fahamu wa upande wa ndani. Vyote hivyo kwa pamoja ndivyo vinavyoamua kama mtoto atabaki mkoani. Kimoja kikikosekana, mtoto anasafirishwa, hata kama jengo ni jipya na linang'aa.

Kambi za madaktari bingwa zinazozunguka halmashauri tangu mwaka 2024 zimewafikia wagonjwa ambao hawakuwahi kumwona bingwa. Zinafaa kwa ngiri, kwa uvimbe, kwa mambo yanayoweza kupangiwa tarehe. Kiwiko hakina tarehe. Ningependa kila kambi ikija, bingwa wa upasuaji akae siku nzima na madaktari wa hapo wakichoma waya pamoja, ili kambi ikiondoka ujuzi ubaki.

Tanzania ilizindua Mpango wa Taifa wa Upasuaji, Uzazi na Usingizi mwaka 2018, miongoni mwa nchi za kwanza Afrika, na muda wake uliandikwa kuishia 2025. Ulifuata kazi ya tume ya kimataifa ya jarida la Lancet ya mwaka 2015, iliyotaka mtu afike ndani ya saa mbili mahali panapoweza kumpasua mzazi, kufungua tumbo na kutibu mfupa uliotoboa ngozi. Kwa upasuaji wa uzazi tumepiga hatua inayoonekana hata kwenye vituo vya afya. Mfupa umebaki nyuma. Diwani wako, na kamati ya afya anayokaa, wanaweza kuuliza swali moja lenye jibu la namba: mwaka jana, watoto wangapi waliovunjika kiwiko walitibiwa mkoani, na wangapi walipewa rufaa nje?

Nimalizie na wale ambao siku zao zimeshapotea, kwa sababu najua ndio watakaosoma hadi hapa. Kama mwanao ameumia ndani ya wiki mbili, nenda leo. Huenda bado inawezekana, na jeraha la upande wa nje wakati mwingine hupasuliwa hata baada ya wiki kadhaa. Kama umepita mwezi na mkono umeunga vibaya, usikubali mtu auvunje tena kwa mikono. Mwache aucheze mwenyewe: kuoga, kujivalisha nguo, kuchota maji kwa kikombe. Kuchua kwa nguvu na kulazimisha kiwiko kinyooke kunazidisha kukakamaa, na kunaweza kuotesha mfupa ndani ya misuli. Mwendo huendelea kurudi kwa miezi, wakati mwingine hadi mwaka. Kiwiko kilichopinda kuelekea ndani kwa kawaida kinafanya kazi zake zote. Kinachomsumbua mtoto ni kutaniwa shuleni, na upasuaji wa kukinyoosha hufanywa kwa kupangiwa tarehe, baada ya mkono kutulia. Vidole vilivyojikunja ndivyo visivyosubiri: mazoezi na vifaa vya kuvinyoosha vianze mapema. Popote utakapompeleka, nenda na picha zote za zamani, hata ile ya siku ya kwanza iliyokunjwa chini ya godoro.